Rangi Nyekundu

Mjomba wangu alikuwa na trekta kuukuu, Massey Ferguson 35, lililoundwa katika mji wa Coventry, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa trekta hilo aliwalimia watu mashamba huko Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, na kwa ujira huo alinilipia ada ya shule. Nalikuwa na umri wa miaka 13.

Likizo moja ya Desemba nalitaka kumfurahisha. Nikafungua vyuma vidogo vidogo, nikakwangua kutu, nikapaka rangi nyekundu kila mahali brashi yangu ilipofika, kisha nikafunga kila kitu mahali pake. Mjomba aliporudi alilizunguka trekta mara mbili akicheka.

Haikupita wiki, trekta likakataa kuwaka. Tukalisukuma, likawaka, likalima mchana kutwa. Kesho yake hali ni ile ile. Mjomba kwanza alilaumu vumbi (na kweli vumbi la huko, lenye asili ya majivu ya Mlima Meru, huingia hata katika uji), kisha akailaumu betri. Akaiuza kwa bei ya vyuma chakavu, akanunua mpya kwa fedha ya ada yangu ya Januari. Siku ya nne nayo ikafa.

Ndipo akaitwa fundi mmoja mzee kutoka Unga Limited. Hakushika spana. Aliketi juu ya jiwe, akauliza, “Kabla ya ugonjwa huu, trekta lilifanywa nini?”

“Halikufanywa kitu,” akajibu mjomba.

Nami nikanyamaza.

Mzee akaubonyeza mkanda wa dinamo kwa kidole gumba. Ulikuwa umekaza sawasawa. Akapima betri, akaona volti 11 na nusu. Tukalisukuma trekta, likawaka, akapima tena, hesabu haikupanda. “Kama umeme ungekuwa ukiingia,” akasema, “tungaliona volti 14 au karibu yake. Betri hii si mbovu. Ina njaa.”

Akazima injini, akazifungua nyaya mbili za dinamo, akaviunganisha vichwa vyake viwili kwa kipande cha waya, akaweka mita kati yake na chuma cha trekta. Injini ikawashwa tena, ikaenda polepole. Mshale wa mita ukapanda upesi kuelekea 20, naye akapaza sauti, “Zima!” Dinamo ilikuwa nzima. Kama volti ingalikuwa moja tu, au nne au tano, angalitafuta kosa ndani yake.

Basi likabaki lile sanduku dogo jeusi ambalo mafundi huliita kataoti. Kazi yake ni kama ya bawabu: dinamo ikiwa na nguvu, huufungulia umeme njia ya kwenda kwenye betri, injini ikipoa, hufunga njia hiyo, umeme wa betri usirudi kwenye dinamo. Lakini bawabu huyo huamshwa na sumaku ya umeme, na umeme wa sumaku hiyo lazima upate njia ya kurudia. Njia hiyo ni waya mfupi, mafundi huuita ethi, unaofungwa kwa bolti kwenye chuma cha mwili wa trekta.

Mzee akaugusa waya huo, akaukwangua kwa kucha mahali ulipofungwa. Kucha ikatoka nyekundu. Rangi haipitishi umeme.

“Nani alipaka hapa?”

Mjomba alitaka kusema neno, nadhani alitaka kusema ni yeye. Nikamtangulia. “Ni mimi, babu.”

Mzee hakunikemea, alinipa kipande cha msasa. Nikasugua mpaka chuma kikang’aa, mahali pa upana wa sarafu, naye akakaza bolti. Trekta lilipowaka, mshale wa saa ya umeme mbele ya dereva, uliolala tangu Desemba, ukainuka upande wa kujumlisha.

Mwaka ule nalichelewa kurudi shuleni kwa majuma matatu, mpaka mashamba mawili yalipolimwa na fedha ikapatikana. Mjomba hakulitaja jambo lile tena. Lakini kila alipolipaka trekta lake rangi upya, aliniita kwanza nibandike karatasi juu ya mahali pale.