Nia ya Kurudi

Katika mambo ambayo binadamu hutakiwa kuyathibitisha mbele ya binadamu mwenziwe, sijui lililo gumu kuliko nia. Mali huhesabika, elimu ina vyeti, na umri umeandikwa katika hati ya kuzaliwa. Nia hukaa moyoni, na moyo hauna mlango wa kupitia karani. Walakini sheria ya Kanada yamtaka kila mwanafunzi mgeni amridhishe afisa kuwa ataondoka nchini humo muda wake utakapokwisha. Kanuni hiyo ni ya 216, nami nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopata kuandikiwa, kwa sababu ilizuia safari ya mpwa wangu.

Binti huyu ni mzaliwa wa Tanga, mwenye umri wa miaka 26. Alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya elimu ya viumbe vya bahari. Ada ya mwaka wa kwanza ilitokana na shamba la minazi la marehemu babu yake, lililouzwa. Fedha za kujikimu, ambazo Januari 1, 2024 zilipandishwa kutoka dola 10,000 za nchi hiyo hata 20,635, zilichangwa na ndugu wa kuumeni na kukeni. Jibu lilikuja katika aya mbili: afisa hakuridhika kwamba mwombaji angeondoka, kwa kuzingatia uhusiano wake wa kifamilia na madhumuni ya safari yake. Dada yangu aliuliza, "Uhusiano gani wautakao tena? Mimi si mamaye?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nililifikiri shamba. Lile lililouzwa ili aende ndilo ambalo lingalionyesha kuwa ana la kumrudisha.

Rufani kwa afisa mkubwa haipo. Aliyekataliwa huomba upya kwa dola 150, au huenda Mahakama ya Shirikisho katika siku 60, ikiwa uamuzi ulitolewa nje ya Kanada. Ada ya kufungua shauri ni dola 50 tu. Ya wakili ni habari nyingine, na sitaitaja nisije nikamtia msomaji huzuni. Jaji hatoi viza. Kwanza huombwa ruhusa ya kusikiliza, kisha hupima kama uamuzi ulikuwa wa busara: kama sababu zake zafahamika na zimejibu hoja zilizoletwa. Hivyo ndivyo Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilivyoeleza mwaka 2019 katika shauri la Vavilov.

Shauri lilipofunguliwa, maelezo ya afisa yaliletwa. Yalikuwa mafupi: hajaolewa, hana watoto, aweza kuhama kwa wepesi. Nilicheka, ingawa si kwa furaha. Ni mwanafunzi gani asiyekuwa hivyo? Majaji wa huko wenyewe wamesema zaidi ya mara moja kuwa ujana na useja ni hali ya wanafunzi wengi, wala peke yake si ushahidi wa hila. Tena kifungu cha 22 cha sheria yao ya mwaka 2001 chasema kuwa kutamani kukaa daima hakumzuii mtu kupokewa kwa muda, mradi afisa aridhike kuwa ataondoka muda ukiisha. Yaani hata sheria yajua kwamba moyo mmoja hubeba nia mbili.

Katika barua yake ya kwanza binti aliandika, "Nitarudi Tanga, inshallah." Mshauri mmoja wa mjini alimwambia alifute neno la mwisho, kwa kuwa msomaji wa mbali angeliona shaka. Binti alilifuta. Jambo hilo lilinikaa kooni. Kwetu sisi mtu asemaye "nitarudi" pasipo neno hilo ndiye ashukiwaye, kwa sababu ameahidi kisicho mkononi mwake. Afisa alitaka hakika, na mcha Mungu hana hakika ya kesho. Alikuwa na neno moja tu la kuonyesha kuwa hachezi na ahadi, akalitoa.

Kabla shauri halijasikilizwa, mawakili wa serikali walikubali uamuzi ule ufutwe na ombi lipelekwe kwa afisa mwingine. Muhula ulikuwa umekwisha kupita. Chuo kikamhifadhia nafasi hata mwaka uliofuata. Aliruhusiwa kuongeza vielelezo. Alitia barua ya mwajiri wake iliyoahidi kumpokea tena kazini, nakala ya hati ya nyumba ya mama yake, na barua mpya ya kurasa mbili. Nilipewa niisome kabla haijapelekwa. Neno lile lilikuwamo, mahali pake pa zamani, na nilirekebisha nukta moja tu.