Kisangani: jua la simu, batri ya mgonjwa

Kisangani, jimbo la Tshopo. Mwaka 2023, mapigano ya ardhi kati ya Wambole na Walengola yalipowasukuma maelfu ya watu kutoka Lubunga kuvuka mto Kongo, wengi walifika ng'ambo ya kulia na vitu vitatu: watoto, furushi na simu. Watoto walitafutiwa pa kulala. Furushi liliisha polepole sokoni. Simu ilibaki, kwa sababu ndiyo inayosema kama nyumba ingali imesimama na kama mjomba aliyekataa kuvuka bado yuko hai. Lakini simu inataka umeme, na umeme unaotoka kwenye bwawa la mto Tshopo haufiki kila nyumba, na unapofika hukatika bila kuaga.

Ndiyo maana katika mtaa mmoja wa komine Kabondo watu walizoea kupanga foleni asubuhi mbele ya jipu la zamani. Ni Land Cruiser HZJ75, aina iliyotengenezwa miaka ya 1990, rangi yake nyeupe imeshageuka kuwa rangi ya barabara. Mwenyewe ni mzee ambaye vijana wanamwita papa tu, na ambaye kazi yake ni kupeleka mizigo njia ya Bafwasende na kurudi na makala, mchele na watu. Usiku, mgonjwa akizidiwa, ni yeye anayegongewa mlango. Mtaa ule hauna motokari nyingine inayoweza kupita matope ya barabara zake baada ya mvua.

Mwanzoni alichajia watu simu bure, kwa waya uliofungwa moja kwa moja kwenye batri ya kuwashia injini. Simu tano, simu kumi, halafu taa ya jirani, halafu redio. Hakuna aliyehesabu. Usiku mmoja wa mvua mama mmoja aliyetoka Lubunga alishikwa na uchungu, mimba ikiwa haijatimia. Papa akazungusha ufunguo. Jipu likatoa mlio mmoja mdogo, tik, likanyamaza.

Vijana kumi hivi walitoka kulisukuma. Hapo uzee wa injini ulisaidia. Injini hiyo, 1HZ, ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2, haina kompyuta, na pampu yake ya kusukuma mazutu inaendeshwa na injini yenyewe. Inahitaji umeme kidogo tu wa kufungua valvu inayoruhusu mazutu kupita. Batri iliyochoka kiasi cha kushindwa kuzungusha mota ya kuwashia inaweza bado kuwa na nguvu ya kufungua valvu hiyo. Kwa hiyo gari la zaidi ya tani mbili, likisukumwa kwenye mteremko na kuachiwa klachi kwenye gia ya pili, liliwaka. Mama alifika, mtoto alizaliwa. Kama mtaa ungekuwa tambarare, au matope yangekuwa ya kufika magotini kama kawaida ya mwezi wa kumi, habari ingekuwa nyingine, na kila mtu aliyesukuma alilijua hilo.

Kesho yake hakuna aliyesema watu wa Lubunga waache kuchaji. Ugomvi ulikuwa juu ya namna. Mke wa papa alitaka waya ukatwe. «Papa, gari ni la wagonjwa,» alimwambia. Papa akajibu: «Mama, na yule mgonjwa aliniita na simu gani?»

Jibu lilikuwa kutenganisha batri, na ni hapa wengi wanaoweka sola kwenye gari la zamani wanapokosea. Land Cruiser nyingi za aina hii zina batri mbili chini ya boneti, na mwenye gari hudhani moja ni ya akiba. Si ya akiba. Katika baadhi ya magari hayo batri mbili zimefungwa sambamba, volti 12. Katika mengine zimefungwa kwa mfululizo, na injini inawashwa kwa volti 24. Fundi anayefunga vyombo vya volti 12 bila kupima kwanza anaweza kuunguza kila kitu siku ya kwanza. Batri ya simu na taa inapaswa kuwa nyingine kabisa, ya tatu, ikae nyuma ndani ya sanduku lililofungwa imara na lenye tundu la hewa, kwa sababu batri ya maji ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Jipu la papa ni la volti 12, bahati nzuri. Paneli moja ya wati 100 ilifungwa juu ya keria. Haikuinamishwa sana: Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, jua la mchana hupita karibu juu ya kichwa, kwa hiyo paneli inalala, na kuinama kidogo tu ili mvua isafishe vumbi. Waya unashuka kwenye kisanduku cha kudhibiti chaji, na kutoka hapo kwenye batri ya nyuma. Jipu likitembea, dinamo nayo inaongeza chaji kupitia rile inayofunga njia papa anapowasha na kuikata anapotoa ufunguo. Hiyo rile ndogo ndiyo yenye thamani kuliko paneli. Bila hiyo batri mbili zinarudi kuwa moja, na usiku ule wa mvua unarudi pia.

Waya mnene, fyuzi karibu na batri, mpira mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma. Vitu hivi havionekani kwenye picha, na mafundi wenye haraka huviruka. Gari linalobeba madumu ya mazutu na esanse kwenye barabara inayotikisa kila msumari halina ruhusa ya kuwa na waya uliochubuka.

Halafu hesabu. Paneli ya wati 100 haitoi wati 100 siku nzima. Siku ya jua zuri itaweka akiba ya wati-saa 300 hadi 400. Simu kubwa ya kugusa kioo, pamoja na umeme unaopotea njiani, inakula kama 20. Kwa hiyo ni simu kumi na tano hivi, au nyingi zaidi zikiwa zile ndogo za vibonye. Batri ya nyuma ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo haitamaliza mwaka. Papa ana mita ndogo ya kupimia. Batri ikitulia na kusoma volti 12.7 imejaa. Ikisoma 12.1 foleni inafungwa, hata kama aliyebaki ni mtoto wa dada yake.

Wako wanaosema gari la aina hii limepitwa na wakati. Lakini mwezi wa tatu 2021, Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kwa mara ya kwanza gari lenye friji la kupelekea chanjo, gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser 78, ndugu wa karibu wa lile la Kabondo, likiwa na friji ya lita 396. Friji hiyo ina batri yake ya pekee, inayoweza kuiendesha kama saa 16 bila umeme mwingine. Mainjinia wenye maabara walifika mahali palepale alipofika mzee na waya zake: kazi ya ziada ipewe batri ya ziada.

Marekebisho mengine ya papa ni machache kuliko vijana wanavyotaka. Wanamwambia aweke bomba la kupandisha hewa hadi juu ya paa, kama magari ya kwenye filamu. Yeye aliongeza kwanza mipira ya kupumulia ya difu, akaipandisha juu, kwa sababu difu yenye moto ikizama ghafla katika maji baridi huvuta maji ndani, na oili hugeuka kama maziwa. Aliongeza bamba moja kwenye springi za nyuma. Basi.

Kinachomwamsha alfajiri ni matunzo. Mazutu ya barabarani, yale ya makadhafi wanaouza kwa chupa na dumu, mara nyingi yana maji, na maji huua pampu. Kila asubuhi anafungua skurubu chini ya filta hadi maji yaishe na mazutu safi yaanze kutoka. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT inayowaka wakati ukifika. Lakini kwenye jipu lake kihesabu kilomita kilikufa zamani, kwa hiyo taa hiyo haiwezi kuaminiwa, na mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Anaandika safari kwenye daftari: Bafwasende kwenda na kurudi, tarehe, mzigo.

Daftari hilo sasa lina upande wa pili, unaoandikwa na mama mmoja wa Lubunga ambaye alikuwa mwalimu upande ule. Anaandika jina, aina ya simu, saa ya kuingia na ya kutoka. Siku za mawingu, mita inapogoma kupanda, anaanza na wenye mgonjwa nyumbani, halafu wenye ndugu waliobaki ng'ambo, halafu redio moja inayosikilizwa na nyumba nyingi. Vijana wa muziki wanangoja jua. Juzi mmoja wao alimwomba achomeke simu yake kwenye batri ya mbele, dakika kumi tu. Mwalimu alimwonyesha mteremko na kumwuliza kama yuko tayari kuja kusukuma saa tisa za usiku.