Kamba niliyoiacha Rutshuru

Leo zamu ya kuandika ni yangu.

Mwaka jana nilikuwa najitolea kule Kabazana, pale wakimbizi wapya wanapopokelewa. Kazi yangu ni kutafsiri. Siku moja akaja mama mzee kutoka Masisi. Akaulizwa, "Nyumbani mko wangapi?" Akajibu, "Watu watano na mbuzi mbili." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu akasema, "Zile mbuzi nilizifungia ndani, nilijua tutarudi jioni." Hapo kicheko kikaniisha, maana na mimi kuna kamba niliyoiacha.

Vita ya M23 ilipofika kwetu Rutshuru mwaka 2012, nilikuwa na miaka 12. Tulikuwa na mbwa, jina lake Simba. Usiku ule baba aliniambia, "Funga ile mbwa, itatufuata, itabweka njiani, watatusikia." Nikamfunga kwenye mti wa avoka, nikakaza fundo vizuri kama nilivyofundishwa. Tukatembea kwa mguu mpaka Bunagana, tukavuka, tukafika Nyakabande kule Kisoro, baadaye mabasi yakatuleta huku Nakivale. Jirani mmoja aliyerudi kuchungulia nyumba alimwambia mama kwamba kamba bado iko pale kwenye mti, na mbwa pia. Sikuuliza zaidi. Mpaka leo sijauliza.

Simlaumu baba. Alikuwa na watoto sita wa kuokoa. Lakini mwaka uleule, hapohapo Rutshuru, vita ilifika Rumangabo, makao makuu ya hifadhi ya Virunga. Pale kulikuwa na sokwe yatima, mmoja wao Ndakasi. Walinzi walimkuta mwaka 2007, bado mchanga, ameshikilia mwili wa mama yake aliyepigwa risasi. Mlezi wao, André Bauma, alikataa kuondoka akawaacha. Alibaki nao risasi zikilia. Ndakasi aliishi mpaka 2021, na alikufa mikononi mwake.

Siwezi kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni abaki kama Bauma. Ile ilikuwa kazi yake, na hata hivyo ilihitaji moyo. Lakini kati ya kubaki na kukaza fundo kuna kitu kidogo cha katikati, na ndicho nataka tuongee.

Mwezi uliopita nilisindikiza mgonjwa hospitali Mbarara. Kwenye benchi nikakaa na kijana wa pale anayesomea sheria. Nikamuuliza kama kuna sheria ya vita inayolinda mnyama. Akanionyesha kwenye simu: Itifaki mbili za mwaka 1977, zilizoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, zinakataza kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo: chakula, mashamba, maji, na mifugo. Nikafurahi. Lakini ukisoma vizuri, ng'ombe analindwa kwa sababu ni chakula cha raia. Maumivu yake hayakutajwa. Na Simba, ambaye haliwi, hayumo kabisa kwenye kile kipengele.

Yule kijana ni Munyankole, kwao ng'ombe wana majina kulingana na rangi na pembe zao. Nikamwambia hata huku kambini kuna wazee wa Masisi na Minembwe wanaotaja ng'ombe wao walioporwa, mmoja mmoja. Wengine walikatwa mishipa ya miguu wakaachwa hai porini. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Huyo aliyefanya hivyo hakutaka hata nyama."

Ndugu zangu, sheria zitaandikwa na wakubwa. Sisi tuna simu, na wengi wetu bado tuna watu nyumbani. Waambieni hivi: mkisikia milio inakaribia, fungueni mlango wa banda. Kateni kamba. Kuku, mbuzi, sungura, waacheni watoke. Huenda wataibiwa, lakini watapata majani na maji, hawatakufa kwa kiu wakisubiri mtu. Kama lazima umfunge mbwa ili asiwafuate, mfunge kwa fundo legevu, ajifungue mwenyewe mkiwa mmefika mbali. Inachukua dakika moja tu. Baba angenipa hiyo dakika, nina uhakika. Hakuna aliyetuambia.

Wengine watasema, watu wanakufa na wewe unalia mbwa? Nawaelewa. Na mimi nimezika watu. Lakini yule mama wa Kabazana hakuchanganyikiwa alipohesabu mbuzi zake. Alikuwa anatuambia nani walibaki ndani.

Tumeni hii kwa sauti kwa wale wasiosoma.