Karasha la Mdogo Wangu

Nilipokwenda likizo nyumbani kwetu Geita, nilimkuta mdogo wangu, mwenye umri wa miaka sita, ameketi chini ya mwembe akitoboa kopo la maziwa kwa msumari. Nikamwambia, "Lete nikusaidie." Akajibu, "Ngoja, kaka. Nitakuita."

Hakuniita. Alipitisha waya katikati ya kopo, akaikunja ncha yake iwe mpini, akaliegemeza juu ya panda mbili za mti. Ndani alitia kokoto na vipande vya tofali, akazungusha. Hatimaye akamimina unga mwekundu. Kumbe ametengeneza karasha, kama yale ya wachimbaji wadogo yasagayo mawe kwa gololi za chuma! Hakufundishwa na mtu. Alitazama tu kwa mbali.

Kisha akauliza, "Kaka, zebaki nitaipata wapi?" Nikashtuka. Zebaki hunasa dhahabu, lakini ikichomwa, mvuke wake hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Ndiyo sababu mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake.

Nilitaka kulitupa kopo lile. Halafu nikaona kwamba kosa si la kopo. Nikamweleza hatari ya zebaki, nikampa maji na kipande cha blanketi kuukuu. Akaunda mwalo wa kuoshea unga wake. Safari hii aliniita nikatazame.

Wasomaji wenzangu, mtoto apendaye kuunda vitu asinyang'anywe kazi yake. Aonyeshwe tu penye hatari.