Nguvu ya kisu cha kukunja iko wapi?



Mimi ni bwana shamba. Kazi hii nimeifanya kwa miaka zaidi ya 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa wilayani Muheza, mkoani Tanga. Huku kwetu michungwa ni mingi. Kwa hiyo kisu hakitoki mfukoni mwangu. Nakitumia kukata vikonyo, kubebesha miche, kufungua magunia ya mbolea, na hata kumenya chungwa njaa ikinishika njiani.

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha kikundi kimoja cha akina mama kutengeneza kitalu cha michungwa. Walikuwa 14. Walinituma niwanunulie visu. Nikaenda gulioni, nikawachagulia visu vya kukunja vya aina moja. Vilikuwa vinene, vizito, vinang'aa. Niliporudi niliwaambia, "Hivi ndivyo visu vya kazi. Hivi havivunjiki." Nilisema hivyo kwa sababu vilikuwa vizito mkononi. Sikuwa na sababu nyingine.

Wiki ya tatu tulihitaji ndoo za kumwagilia. Hatukuwa nazo. Nikachukua dumu la plastiki la lita 5, nikalitoboa kwa ncha ya kisu, tundu baada ya tundu, mpaka maji yakatoka kama mvua ya manyunyu. Kina mama wakafurahi. Mama mmoja, mtu mzima ambaye mimi humwamkia shikamoo, akachukua dumu lake akafanya kama nilivyofanya. Ncha ikanasa kwenye plastiki. Akainamisha mpini ili aichomoe. Kisu kikajikunja, na vidole vyake vilikuwa ndani.

Makali yalikata kano ya kidole cha shahada, yaani ile kamba ngumu inayovuta kidole kikunjike. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, halafu hospitali. Jeraha lilipona. Kidole hakikukunjika tena mpaka leo.

Yeye hakunilaumu. Mume wake aliniuliza swali moja tu. "Bwana shamba, hicho kisu ulikijaribu kabla ya kuwapa?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo lilinikosesha usingizi. Mbegu tunazijaribu kabla ya kumpa mkulima. Mbolea tunaijaribu. Kisu nilikipima kwa uzito wake, kama mtu anunuaye viazi.

Basi nikaamua kujifunza. Nilirudi gulioni nikanunua kisu kingine cha aina ile ile. Nikachukua kisu cha marehemu baba yangu, alichokitumia tangu alipokuwa kibarua wa mashamba ya mkonge. Kisu cha tatu niliachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ufaransa. Vyote vitatu nikavipeleka kwa mhunzi.

Mhunzi hakutazama ubapa kwanza, kama nilivyodhani. Alifungua kila kisu, akaushika ubapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mkono mwingine, akautikisa kushoto na kulia. Halafu akaniambia, "Umewahi kuona watoto wakigongana nyuma ya goti? Mtoto amesimama wima, ana nguvu zake zote. Mwenzake anamgonga kidogo nyuma ya goti, anaanguka. Kisu cha kukunja kina goti. Usiniulize unene wa ubapa. Niulize nini kinazuia goti lisikunjike."

Tangu siku ile nikifungua kisu naangalia goti lake. Ukikata kamba au tawi, nguvu inasukuma ubapa ukae wazi. Hapo kisu chochote kitaonekana imara. Lakini ukichoma kwa ncha ikanasa, au ukiinamisha mpini kama yule mama, nguvu inakuja kwenye mgongo wa ubapa. Hapo ndipo kisu hujikunja.

Kile kisu cha gulioni kilizuiwa na kibati chembamba ndani ya mpini. Ukifungua kisu, kibati huruka kikakaa nyuma ya kitako cha ubapa. Namna hii ya kuzuia si mbaya, na viko visu vizuri vyenye kibati kinene kilichokaa sawasawa. Lakini kibati cha kisu hiki kilikuwa laini, nacho kiligusa ubapa kwa ukingo tu, usiofika upana wa punje ya mchele. Mhunzi alikigonga mgongo wa ubapa kwenye gogo. Mara ya kwanza kilishika. Mara ya pili kilishika. Mara ya tatu kikajikunja. Nilihisi baridi mgongoni.

Kisu cha baba ni Okapi. Wazee wengi wanakijua. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, ili viuzwe katika makoloni yao ya Afrika, na wakati huo Tanganyika ilikuwa mojawapo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti. Kwenye kitako cha ubapa kuna meno, na juu ya mgongo wa mpini kuna springi. Ukikifungua kinalia ka-ka-ka-ka, kila jino likipita. Ili ukifunge, lazima uvute kipete kinachoinua springi. Cha baba kilikuwa kimelegea kidogo kwa sababu ya miaka mingi ya kazi. Mhunzi aliupiga ule msumari wa kiungo nyundo mbili nyepesi, kikakaza. Akakigonga kwenye gogo mara 10. Hakikutikisika.

Kile cha Kifaransa ni Opinel. Watu wa milimani huko walianza kukitumia mwaka 1890. Ni chepesi, hata nilikidharau. Shingoni mwake kuna pete ya chuma, ambayo iliongezwa mwaka 1955. Ukikifungua, unaizungusha pete, nayo inaziba njia ambayo ubapa ungerudia. Nacho kilishika mara 10. Shida ni kwamba pete haijizungushi yenyewe. Usipoizungusha, hakuna kinachozuia. Nami ni mtu wa kusahau.

Kwa hiyo kile kisu kizito kuliko vyote ndicho kilichoshindwa.

Mhunzi alinifundisha pia habari ya chuma. Chuma cha kisu kina kaboni, ambayo ndiyo iliyo nyingi katika mkaa. Kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu, halafu kikachovywa ghafla kwenye mafuta, kinakuwa kigumu sana. Lakini ugumu huo ni kama wa chupa. Kikianguka kwenye jiwe kinaweza kuvunjika. Ndiyo maana mhunzi hukipasha tena kwa moto mdogo, huku akitazama rangi. Kikigeuka rangi ya majani makavu, anakitoa, na hicho kitakaa na makali. Akikiacha mpaka kiwe buluu, ugumu unapungua, lakini kitapinda na kurudi kama springi. Panga linataka kuwa karibu na buluu. Kisu cha kubebeshea kinataka ile rangi ya majani makavu. Chuma kimoja hakiwezi kupewa yote mawili kwa ukamilifu.

Nisikionee kile kisu cha gulioni. Ubapa wake ulikuwa wa chuma kisichoshika kutu, yaani kilichochanganywa na kromiamu, walau sehemu 10 na nusu katika kila 100. Nilipokata machungwa mchana kutwa, maji ya machungwa hayakukifanya kitu. Vile viwili vingine viligeuka vyeusi kabla ya adhuhuri, kwa sababu asidi ya chungwa hula chuma cha kawaida. Mwenye visu hivyo lazima avifute na kuvipaka mafuta kidogo kila jioni.

Lakini kwenye kubebesha kilinishinda. Ndugu zangu mnaijua kazi hii. Mche wa mlimau ukiwa na unene wa penseli, unakata gamba mfano wa herufi T, kiasi cha sentimeta 20 kutoka chini. Unainua gamba, unaingiza jicho la mchungwa, unafunga kwa utepe wa nailoni. Kisu kinene hupasua gamba badala ya kulikata, na jicho hukauka. Niliwanunulia kina mama visu vya kupasulia kuni ili wafanye kazi ya mshona nguo.

Nilirudi kwenye kikundi nikawaeleza yote. Niliwaomba wavirudishe vile visu. Kimoja kimoja nilivigonga kwenye gogo mbele yao, nimeshika mwisho wa mpini, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Katika 14, vitano vilijikunja. Palikuwa kimya sana.

Nililipa kwa mshahara wangu, mhunzi akatengeneza visu vipya visivyokunjika. Vya kubebeshea alivitoa kwenye misumeno mikuukuu ya kukatia chuma, vyembamba kama jani la muhindi. Viwili vya kazi nzito alivitoa kwenye springi ya lori. Msuka, yaani kile kimkia cha kisu, alikipitisha ndani ya mpini mpaka mwisho wake. Hakuna goti. Madumu tukatoboa kwa msumari wa moto, jambo ambalo lilifaa kuwa hivyo tangu mwanzo.

Yule mama nilimpelekea kisu chake mwenyewe nyumbani. Nilikuwa na hofu. Alinikaribisha, akanipa uji, halafu tukaenda kitaluni. Alikishika kisu kipya kwa vidole vitatu, kile kibovu kikiwa kimenyooka pembeni kama cha mtu anayeonyesha njia. Akakata herufi T, akainua gamba bila kulichana.

Kisha akaniambia, "Bwana shamba, nipe na hicho cha mfukoni mwako nikione."

Nikampa kile cha baba. Akakifungua polepole, akisikiliza kila jino. Akakigeuza, akashika mwisho wa mpini, akagonga mgongo wa ubapa kwenye nguzo ya kitalu mara tatu.

"Hiki sawa," alisema, akanirudishia.