Dampa Lisilo na Dereva na Riziki ya Nyumba Zetu



Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti hapa Mwadui, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutunza daftari la michango. Mwenye kulisoma daftari hilo kwa makini huisoma hali ya mji mzima. Mgodi unapokwenda vizuri, kurasa hujaa. Kazi inaposimama, hubaki nyeupe. Na aghalabu mikono inayozijaza ni ya madereva: wa dampa, wa greda, wa kijiko, na wale wa malori yapitayo Isaka kuelekea Rwanda na Burundi.

Hivi karibuni baba mmoja alinijia baada ya swala ya Isha. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili kijana wake akasomee uendeshaji wa mitambo mizito. Akaniuliza, "Ustadhi, nasikia magari sasa yanajiendesha yenyewe. Fedha hii siitupi shimoni?" Nilimwomba siku chache nitafute habari za uhakika, kwa kuwa ushauri ni amana.

Nililolipata ni hili. Nchini Australia, katika migodi ya chuma ya Pilbara, kampuni ya Rio Tinto inatumia malori makubwa yasiyo na mtu usukanini. Wanaoyasimamia wamekaa mjini Perth, umbali wa kilomita zipatazo 1,500, yaani mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi hapa kwetu. Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari. Kwa jirani zetu wa mashariki ya Kongo, katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, mwendeshaji mmoja aliyeketi juu ya ardhi ameweza kuongoza kwa pamoja mashine tano za kupakia na kubeba mawe, zikifanya kazi mita 750 chini yake, usiku na mchana. Wamiliki wakuu wa mgodi huo ni Barrick na AngloGold Ashanti. Majina haya si mageni: AngloGold Ashanti ndiyo yenye mgodi wa Geita, na Barrick, kwa ubia na Serikali yetu, ndiyo inayoendesha Bulyanhulu na North Mara. Teknolojia iliyokwisha kufika kwa ndugu wa baba mmoja haiwi mbali na nyumba yetu.

Kwa nini mgodini kwanza, wala si barabara kuu? Kwa sababu mgodi ni uwanja uliofungwa. Njia ni zilezile, ramani inajulikana, na kila anayeingia ana ruhusa. Mashine hutambua mahali ilipo na kukwepa kizuizi kwa vipimo vya satelaiti, rada na miale ya leza. Chini ya ardhi, ambako satelaiti haifiki, hutegemea leza na mtandao wa mawasiliano. Barabara ya Shinyanga ni jambo jingine: kuna bodaboda, kuna ng'ombe wanaovuka, kuna mtoto anayekimbilia mpira. Huko dereva bado ana miaka yake.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Baada ya baruti kulipuliwa, hewa ya shimoni hujaa moshi wenye sumu, na watu hulazimika kungoja. Mashine haivuti pumzi, haisinzii zamu ya usiku, wala haiachi mjane. Namjua mzee aliyestaafu udereva wa dampa ambaye leo huswali ameketi kitini, kwa kuwa mgongo wake ulivunjwa kidogo kidogo na mitikisiko ya miaka mingi. Siwezi kumwambia mzee huyo kwamba mashine ile ni adui.

Ila mshahara wa dereva haukomi kwake. Humfikia mama ntilie, fundi cherehani, mwalimu wa madrasa na mjane anayepewa sadaka. Chuma hakinunui chapati. Kwa hiyo swali letu liwe hili: fungu lililokuwa la dereva litakwenda wapi? Ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri hukokotolewa kwa mapato ya mauzo, si kwa idadi ya watumishi. Maana yake, mishahara ikipungua, ushuru huo unaweza kubaki. Basi tuhudhurie mikutano ya vijiji na kata, tuulize unavyotumika, na tudai vijana wetu wafundishwe kazi mpya kabla zile za zamani hazijaondoka.

Baba yule nilimjibu hivi: usimzuie kijana, bali mwongezee. Ajifunze kuendesha, kisha asomee umeme wa mitambo na kompyuta, maana lori lisilo na dereva bado lina nyaya, breki na tairi, na lazima liwe na fundi. Wala usimsahau binti yako, kwani chumba cha kuongozea mashine hakiulizi nguvu za mabega. Alinyamaza kitambo, kisha akasema ng'ombe wa tatu hana. Tukakubaliana kijana aanze na umeme wa mitambo, na leseni aitafute kwa mshahara wake mwenyewe, inshaallah.

Wazazi wenzangu, ada tunayolipa leo ni ya kazi ya miaka kumi ijayo. Tuulize kwanza, ndipo tuuze ng'ombe.

Wabillahi tawfiq.