Nilijitia Sijui Kiswahili

Kazi yangu vitani ilikuwa kugawa maji. Natanguliza hilo kwa sababu watu wakisikia nilikuwa Iraki mwaka 2009, tena ndani ya magwanda ya jeshi la Marekani, hukaa mkao wa kusikiliza mabomu. Sina hadithi ya mabomu. Nina hadithi ya chupa za maji.

Kambi ilikuwa Al Asad, katika jangwa la mkoa wa Anbar, magharibi ya Baghdad. Ni kiwanja cha ndege cha enzi za Saddam, kikubwa kiasi kwamba watu walizunguka humo ndani kwa mabasi. Mwezi wa Agosti joto lilipita nyuzi 45, na upepo, badala ya kupoza, ulichoma: ukiuelekea unafumba macho kama mtu anayepuliza makaa. Vumbi lake ni laini kama unga wa muhogo. Liliingia kwenye bunduki, kwenye chai, kwenye mswaki uliofungiwa mfukoni. Vyooni palibandikwa karatasi yenye rangi za mkojo, kuanzia weupe wa maji hadi wekundu wa chai ya rangi, ili kila mtu ajikague kama amekunywa vya kutosha. Mimi mtoto wa Likoni nilicheka siku ya kwanza. Baada ya wiki moja nilikuwa naikagua kwa makini kuliko barua kutoka nyumbani.

Niliamka saa kumi na nusu alfajiri, tukapakia lori kabla bati lake halijashika moto. Saa nne chupa zilizoachwa juani ungeweza kukorogea majani ya chai. Kwa hiyo kila dereva alikuwa na soksi yake: unailowesha, unatia chupa ndani, unaining'iniza dirishani, upepo unafanya kazi yake, na baada ya muda unakunywa maji ya kuvumilika. Wenzangu waliona ni ujanja wa jeshi. Mimi nilijua ni mtungi wa bibi yangu, ule uliokuwa unatoka jasho kwenye kona ya jiko. Sikuwaambia. Mambo mengi ya nyumbani sikuwaambia.

Malangoni na kwenye minara walilinda Waganda, walioajiriwa na kampuni ya mkataba. Wengi walikuwa wamepitia jeshini kwao, na jeshi la Uganda linaongea Kiswahili, kile cha kambini, kisichojali ngeli. Siku yangu ya kwanza mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi kidogo kidevuni, alisoma jina lililoshonwa kifuani pangu, akatabasamu hadi magego.

"Afande, wewe ni wa kwetu! Habari ya nyumbani?"

Sajini wangu alikuwa kando yangu. Akaniuliza, kwa utani, kama hawa ni binamu zangu. Nikacheka. Nikamwambia yule mzee kwa Kiingereza kwamba simwelewi, mimi natoka Minneapolis.

Nilikuwa na sababu, au niliiita sababu. Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na maombi yangu ya uraia yalikuwa bado mezani. Sheria iliwaruhusu wahamiaji walio jeshini wakati wa vita kuomba mapema. Nilitaka nionekane Mmarekani kabla karatasi haijasema hivyo. Nao Waganda walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wangu. Niliogopa kusimama upande wao wa foleni.

Uongo wa siku moja ukawa kazi ya miezi. Kila nilipopita langoni walinisema mbele yangu, mwendo wangu, kofia yangu ilivyonikaa, na mimi nikakaza uso kama ukuta wa zege. Mara moja walinichekesha hadi nikajifanya napiga chafya.

Siku hiyo ilikuwa kama saa saba mchana. Lori langu lilisimama langoni likisubiri kuandikwa daftarini, nyuma kuna mamia ya chupa. Yule mzee na mwenzake walikuwa kivulini.

"Kijana ya kule mnarani sasa anasema anasikia baridi," alisema mwenzake. "Anaongea ovyo. Tangu asubuhi hajakojoa."

"Maji yao?"

"Gari haijaleta. Nimepiga redio mara tatu."

Baridi, katika joto lile. Kila mwanajeshi alifundishwa maana yake: mwili umeshindwa, ubongo umeanza kupikika. Nilijua. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango.

"Mwombe huyu."

"Nikiomba mwanajeshi kitu, kesho niko kwenye ndege. Tumeonywa. Angekuwa wa kwetu ningemwambia pole pole, ndugu kwa ndugu. Huyu Mmarekani."

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama daftari. Kwenye makaratasi maji ya walinzi yalikuwa juu ya kampuni yao, si juu yetu, na nilijishika na hilo kama mtu anayezama. Katoni mbili zingetosha. Ningeweza hata kuzidondosha kana kwamba kwa bahati mbaya. Nilitia gia nikaondoka.

Niliporudi baada ya nusu saa walikuwa wanamteremsha mnarani. Kijana hasa, hajafika miaka 25, viatu vimevuliwa, midomo imepasuka, anamwita mtu kwa lugha nisiyoijua. Zamu hii nilishusha maji, katoni baada ya katoni, na mtu wa tiba akanifokea nimwage tu. Hakufa. Alilazwa, kisha nikasikia amerudishwa Uganda. Mkataba wa mgonjwa haungoji.

Uraia nilipewa mwaka uleule. Niliapa, nikapigwa picha, nikampelekea mama.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka nilimkuta yule mzee peke yake langoni. Nilizima injini, nikashuka, nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Yule kijana anaendeleaje?"

Hakushtuka. Sijui alijua tangu lini. Aliiangalia kadi yangu mbele na nyuma, akaiangalia sura yangu, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akanijibu kwa Kiingereza, cha shule, kilichonyooka, kwamba kila kitu kiko sawa, bwana, na kwamba naweza kupita.